Injini Zilizokauka Juu: Tulivyodai Pikipiki Zetu Mwanza

Pikipiki mpya ya kazi haitakiwi kugonga juu ya silinda kabla haijamaliza mwaka. Ikianza kugonga, na ya mwenzako mliyenunua duka moja msimu mmoja nayo ikaanza, mwacheni dereva kwanza, angalieni namba za injini. Naandika haya kwa wamiliki wenzangu wa pikipiki za biashara hapa Mwanza na ng'ambo ya ziwa, na kwa vijana wanaoziendesha, kwa sababu jambo hili tumelipitia na sehemu yake bado haijaisha.

Mimi nauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Faida ya dagaa niliiweka kwenye pikipiki mbili za cc 150. Moja nilimkabidhi kijana wa kijiwe cha Buhongwa, nyingine kijana wa Igoma, zote kwa mkataba: analeta hesabu ya elfu kumi kila siku, oili na matairi ni juu yake, muda ukiisha kadi inabadilishwa jina na chombo kinakuwa chake. Akina mama wengi wa Mwaloni wameweka akiba zao hivyo. Jina la kampuni iliyotengeneza na la duka lililotuuzia silitaji, maana bado tuna madai mezani na sitaki maneno yangu yaje kuwazuia wenzangu.

Aliyetangulia kuleta habari ni kijana wa Buhongwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Za kazi?"

"Kazi ipo, ila chombo kinalia juu. Asubuhi kinalia kama cherehani, na kikipata moto ndiyo kinazidi."

"Fundi anasemaje?"

"Amerekebisha tapeti. Kesho yake ikarudi vile vile."

Mtu ambaye hajawahi kukaa na fundi anaweza kuona hilo ni jambo dogo. Juu ya silinda kuna valvu mbili, moja ya kuingiza petroli na hewa, nyingine ya kutoa moshi. Zinasukumwa na roka, na roka zinasukumwa na kamshafti inayozungushwa na cheni ya taimingi. Kati ya roka na valvu huachwa nafasi nyembamba sana ambayo fundi anaipima kwa vibati maalumu. Nafasi ikipanuka, vyuma vinagongana na sauti inatoka. Fundi akirekebisha tapeti anairudisha nafasi ile, kelele inakufa, mwenye chombo analipa na kuondoka ameridhika. Lakini kama kamshafti yenyewe inalika, nafasi itapanuka tena tu, na kila ukirekebisha unakuwa umefunika ugonjwa huku chuma kinaendelea kuisha.

Fundi wetu wa Mabatini, mzee mtaratibu ambaye hapendi kufungua injini ya mtu ovyo, ndiye aliyenieleza upande wa oili. Injini hizi zinabeba oili kama lita moja hivi, na hiyo hiyo ndiyo inayolainisha krenki, gia na klachi. Pampu inaipandisha juu kupitia njia nyembamba pembeni mwa silinda, inapita kwenye tundu la gasketi ya hedi, yaani kizibo chembamba kati ya silinda na kichwa chake, ndipo inaifikia kamshafti. Njia ile ikiziba au ikibanwa mahali popote, chini kutakuwa na oili ya kutosha, kijiti cha kupimia kitaonyesha imejaa, na huku juu vyuma vinasagana vikavu. Aliondoa vile vifuniko viwili vidogo vya tapeti, akamulika kwa tochi ya simu, akaniita niangalie. Roka zilikuwa zimegeuka rangi ya bluu kwa joto. Akafunga. Akasema, "Mama, hapa mimi siendelei. Nikiinua hedi, dukani watasema Mabatini ndiko ilikoharibiwa. Irudishe ikiwa nzima."

Ushauri huo ndio uliotuokoa, na wengi hawakuupata. Duka likikuuzia pikipiki yenye waranti, karatasi yake karibu kila mara ina mstari unaosema injini ikifunguliwa na fundi wa nje, waranti imekufa. Kijana mwenye hesabu ya kesho hana muda wa kusoma mstari huo. Chombo kikigoma jioni, anatafuta fundi usiku huo huo, ananunua kamshafti ya bei rahisi, asubuhi yuko kijiweni. Ile kamshafti ya zamani, ambayo ndiyo shahidi wake mkubwa, imetupwa kwenye ndoo ya vyuma chakavu.

Hapa ndipo nataka kukaa kidogo, kwa sababu nimeona nyumba zikitetereka. Mkataba wa pikipiki unaandika hesabu, hauandiki kasoro ya kiwandani. Chombo kikilala, mwenye chombo anadai hesabu yake, dereva anasema injini imekufa, mwenye chombo anasema umeiua wewe kwa kupakia mshikaki, abiria wawili watatu kwa mara moja, na kupandisha mlima wa Bugando kwa gia kubwa. Kila mmoja anaona anaibiwa. Mmiliki mwenzangu mmoja alimnyang'anya kijana pikipiki iliyobakiza muda mfupi tu imalize mkataba, akampa mwingine, na injini ikafa mikononi mwa huyo mwingine kwa kelele ile ile. Kijana wa kwanza alikuwa amelipa karibu bei nzima ya chombo. Iliniuma sana kusikia, maana namfahamu mama yake, na najua pesa ile ilikuwa imepangiwa kazi gani.

Kwa vijana wangu niliamua hivi: siku ambazo chombo kimelala kwa ajili ya injini hii, hesabu imesimama, na muda wa mkataba unasogezwa mbele kwa siku hizo hizo. Tuliandika kwenye karatasi ya pili, tukasaini mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Nawashauri wamiliki waandike kipengele hicho tangu mwanzo. Kikiwepo, dereva hana sababu ya kuficha kelele. Kisipokuwepo, ataendesha chombo kinacholia mpaka kijamu, kwa kuwa kila siku anayosimama inamla yeye.

Na kujamu ndiko kunakoua. Injini ikikamata ghafla ukiwa kwenye mwendo, tairi la nyuma linakaza pale pale, chombo kinaserereka. Dereva mmoja wa Usagara lilimkuta akielekea Kigongo na abiria nyuma. Alibana klachi mara moja, tairi likaachia, akatelezea pembeni mwa barabara, wote wakashuka salama. Mwambie kila kijana anayeendesha pikipiki yenye kelele juu: vidole vyake viwe karibu na klachi muda wote, na injini ikikaza abane klachi kwanza, breki baadaye. Huyo wa Usagara aliniambia kitu nilichokiona kina maana. Zamani, akienda Sengerema, alizima injini akisubiri kivuko, nayo ikapoa. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 anapita moja kwa moja, kilomita tatu za daraja na safari inaendelea, injini haipumziki. Injini nzima haina shida na hilo. Iliyokauka juu ndiyo inayojitoa.

Habari za pikipiki zinazolia zilianza kukutana. Igoma walikuwa nazo, Nyegezi walikuwa nazo, Kisesa pia. Halafu ukaingia ujumbe kwenye simu za watu, wenye nembo ya kampuni, ukisema pikipiki zote za toleo lile zinaitwa zirudi na kila mwenye nayo atapewa mpya, ila kwanza atume namba yake ya kadi na ada ya usajili. Kuna waliotuma. Ulikuwa utapeli. Kampuni inapoziita pikipiki zake zirudi kwa kasoro, matengenezo ni gharama yake yenyewe. Anayekudai ada ili akurekebishie kasoro yake mwenyewe ni mwizi. Na wito wa kweli unataja namba: kuanzia fremu hii mpaka fremu ile, au injini hii mpaka ile. Tangazo lisilo na namba lina kasoro hiyo tayari.

Kuna tofauti ambayo wengi wetu hatukuwa tumeelezwa. Waranti ni ahadi kati ya duka na mnunuzi: ina muda, ina kilomita, na ikifika kwenye mabishano wewe ndiye wa kuthibitisha kwamba hukukosea. Wito wa kurudisha bidhaa ni mtengenezaji kukiri kwamba kundi fulani lilitoka na kasoro. Hapo huulizwi ulimwaga oili lini; wanaangalia namba, ikiwa ndani ya orodha wanatengeneza. Marekani ilitunga sheria ya usalama wa magari mwaka 1966, na chini yake mtengenezaji hulazimika kuwaandikia wamiliki na kuondoa kasoro ya usalama bila malipo. Hapa kwetu, Sheria ya Ushindani ya 2003 imeipa Tume ya Ushindani kazi ya kumlinda mlaji, na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inataka kitu kilichouzwa kifae kwa kazi kilichonunuliwa kufanya. Pikipiki iliyouzwa kwa maneno "hii ni ya bodaboda, ya kazi ngumu" haiwezi baadaye kuambiwa imeharibika kwa sababu ilifanya bodaboda. Hoja hiyo tuliiandika kwenye barua yetu, na naamini ndiyo iliyowafanya wakae nasi.

Lakini kabla ya barua lilikuja daftari. Katibu wa kijiwe cha Igoma, kijana mwenye mwandiko mzuri na subira kuliko mimi, alikwenda kijiwe hadi kijiwe akiandika. Namba ya fremu, zile herufi na tarakimu 17 zilizogongwa kwenye shingo ya usukani. Namba ya injini, iliyogongwa ubavuni. Tarehe ya risiti. Kilomita zilizosomeka siku kelele ilipoanza. Oili anayotumia na anapoinunua. Injini imefunguliwa au haijafunguliwa. Na aliandika hata zile ambazo hazilii, jambo ambalo baadhi walilipinga wakiona linatudhoofisha. Kumbe ndizo zilizotupa nguvu. Alipozipanga kwa namba za injini, zinazolia zilikaa pamoja, zilizo juu na chini ya namba hizo zilikuwa kimya, ingawa madereva wao wanapita barabara zile zile, wanapakia mshikaki ule ule na wananunua oili dukani kule kule.

Kwa maana hoja ya kwanza ya duka ilikuwa oili. "Mnatumia oili ya kupima." Ni kweli oili ya kupima kutoka kwenye madumu ipo, na sitetei, dereva anayekimbia kilomita mia kwa siku anafikisha 3,000 kwa mwezi, na injini ya lita moja ya oili haivumilii uzembe hapo. Hoja ya pili ilikuwa kubeba kupita kiasi. Hoja ya tatu, milima ya Mwanza. Tuliwasikiliza. Kisha katibu akafungua daftari akawauliza, kwa adabu kabisa, kwa nini oili mbaya na milima vichague namba za injini.

Meneja akaomba turudi na pikipiki ambayo haijaguswa. Tukapeleka ile ya kijana wangu wa Igoma, iliyokuwa imeanza kulia kwa mbali. Pale uani, mbele ya fundi wao, tuliomba jambo moja: waweke pembeni yake pikipiki nyingine ya toleo lile lile kutoka dukani, waondoe vifuniko vya tapeti vya zote mbili, waziwashe ziungurume tu bila kuvutwa mafuta. Fundi wao hakukataa. Ya dukani ilipowaka, baada ya muda mfupi oili ilianza kurukia nje, akaweka kitambaa. Yetu iliunguruma na kuunguruma, roka zinacheza, kitambaa kikavu. Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Fundi wao akazima, akampita meneja, akaenda kuleta spana, na hedi ikainuliwa palepale mikononi mwa duka lenyewe. Tundu la oili kwenye gasketi lilikuwa limekaa pembeni, halikukutana na tundu la silinda ila kwa upande mdogo kama ukucha mwembamba. Kamshafti ilikuwa na michubuko inayoshikika kwa kidole.

Namheshimu sana fundi yule. Ni mwajiriwa, ana watoto, na angeweza kusema gasketi imehama wakati wa kufungua. Alisema alichokiona.

Siku hiyo hiyo tulipiga picha, tukaomba meneja asaini kwamba ukaguzi umefanyika kwake, akasaini. Barua ikaandikwa kwa msambazaji, nakala Tume ya Ushindani na nakala Shirika la Viwango, daftari likiwa limeambatanishwa. Tukasubiri. Kipindi cha kusubiri kilikuwa kirefu, na watu wawili watatu walikata tamaa wakauza vyombo vyao kwa bei ya kutupa.

Majibu yalipokuja, hayakutumia neno la kuziita pikipiki zirudi. Yalisema "ukaguzi maalumu wa bure" kwa injini zenye namba kati ya hii na ile. Sikujali waliite nini. Namba zilikuwa zimetajwa, gasketi, kamshafti na roka vilibadilishwa bila malipo, na zilizokuwa zimejamu zilipewa silinda na pistoni pia. Ugomvi ukabaki kwa wale waliokwisha kufungua injini kwa mafundi wa nje. Waliokuwa wameweka vipuri vya zamani kwenye mfuko na risiti ya fundi, walirudishiwa gharama baada ya kubishana. Wasiokuwa na kitu, walitengenezewa lakini pesa yao haikurudi. Nimewaambia vijana wangu wote: fundi akibadilisha kitu, kile kibovu ni chako, kidai, kifunge kwenye gazeti, kiweke uvunguni mwa kitanda pamoja na risiti.

Tatizo lililobaki ni kuwapata wenye vyombo. Pikipiki nyingi zimeuzwa mkono kwa mkono kwa karatasi ya mauziano, kadi ikabaki na jina la mnunuzi wa kwanza, kwa kuwa kwenda TRA kubadilisha umiliki ni gharama na watu wanaahirisha. Kampuni ikitaka kumpigia mwenye chombo, inampigia mtu aliyekwisha kukiuza. Ndivyo ilivyo hata kwa magari ya mitumba: mifuko ya hewa ya Takata iliyoweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma ilisababisha mamilioni ya magari yaitwe duniani kote, na mtu wa Nyakato mwenye gari lililotoka Japani barua yake ilikwenda kwa mwenye gari wa Japani. Kwa hiyo usingoje barua. Ukinunua chombo kilichotumika, chukua namba ya fremu na ya injini uulize kwa msambazaji wa aina hiyo kama kuna wito wowote juu yake. Kuuliza hakuna malipo.

Sisi tulifuata njia tunayoijua. Wafanyabiashara wa dagaa tuna watu kila mwalo, kwa hiyo tangazo lenye namba lilisafiri na magunia: Nansio, Sengerema, Magu, mpaka visiwa vya karibu. Mvuvi mmoja wa Ukerewe alijitokeza na pikipiki aliyoinunua kwa mtu aliyeinunua kwa mtu mwingine, haina waranti, hana risiti ya duka, kadi ina jina asilolijua. Akaipandisha kwenye meli akaja nayo Mwanza. Dukani walitaka kumkatalia kwa sababu ya jina. Katibu akawasomea tangazo lao wenyewe: limeandika namba za injini, halikuandika majina. Wakamtengenezea. Alipokuja Mwaloni kunishukuru alisema "wabeja, mayo, wabeja sana," nami nikamwambia shukrani zake azipeleke kwa katibu, na jina kwenye kadi akalibadilishe kabla hajarudi kisiwani.

Fidia ya siku ambazo vyombo vililala bado hawajakubali. Wanasema matengenezo yametosha. Sisi tunasema kijana aliyekaa bila kazi kwa kasoro ya gasketi ana haki ya siku zake, na tumewapa orodha ya siku hizo, zimeandikwa kwa kila chombo, na hesabu zilizosimama. Kikao kingine kimepangwa. Ambaye namba yake ya injini imo kwenye tangazo na hajaandikwa kwenye daftari, aje kijiwe cha Igoma amwone katibu, aje na kadi, na kama injini ilifunguliwa, aje na vile vipuri.